Chaki

Daktari Nyamawi ana kalamu ya zambarau
na mkono usiotetema. Hilo nililiona kwanza.
Miaka thelathini na minane nakata vitambaa vya watu
pale Biashara, duka la tatu toka msikitini.
Mtu humtazama mikono kabla ya macho.

"Njia ziko nne," asema.
Nje ya dirisha Nyali wanyunyizia nyasi maji
saa saba ya mchana, jua lote lile.

Ya kwanza nyuzi. Hupitishwa chini ya ngozi, huvutwa,
hakuna mkato, Jumatatu uko kazini.
Nikamwambia, hiyo kwetu yaitwa kupiga bandi:
wampigia bibi harusi ajaribu gauni,
humwachi akatoka nayo ukumbini.
Akacheka. "Mwaka. Mwaka na nusu, kisha hushuka."

Ya pili mkato mfupi, mbele ya sikio,
ganzi ya mahali, redio waisikia.
Taya hunyanyuka kidogo, shingo hubaki ilipo.

Ya tatu mkato wazunguka sikio
ukaingia nywelani. Hapo hushika tabaka ya chini,
ile inayobeba mashavu, akaivuta, akaishona,
na ngozi akailaza juu yake polepole.
"Wamaanisha bitana?"
Akaweka kalamu chini.
"Ndiyo, mama. Bitana."

Maana dadangu Thuwaiba
alivutiwa kitambaa cha juu peke yake, huko alikokwenda.
Akarudi kama mtu aliyeitwa kwa nyuma
na bado hajageuka.
Kwenye matanga ya mama alilia, machozi yalikuwako.
Uso ndio haukuhudhuria.

Ya nne ni shingo tu.
Yangu ilishuka sukari iliponikondesha,
kama gauni la mtu mwingine.
Bei sikutajii. Hesabu cherehani sita mpya
na moja ya kudarizi.

"Na hii?" nikamuonyesha juu ya mdomo,
vistari vilivyosimama wima kama ua wa makuti.
"Hiyo haimo katika nne hizi. Wavuta sigara?"
Sivuti. Ni pini.
Pini midomoni tangu ujana, nikisema na wateja kwa pua,
mhm, geuka, mhm, vuta pumzi.
Nusu ya maharusi wa Bondeni
wamepitia hapa nilipokunja mdomo.
Na hapa ndipo nilipotaka parekebishwe.

Sikumwambia habari ya kioo.
Mteja husimama mbele, mimi nyuma nambana kiuno,
kioo kimoja, nyuso mbili. Zamani tulikaribiana.
Mwezi uliopita mmoja, meno meupe, adabu tele,
aliniita nyanya.

Akanichora. Sikioni, tayani, chini ya kidevu.
"Usifute leo. Nenda ukajitazame."
Nikajifunga ushungi, tuktuk, daraja,
dereva akilalamikia petroli hadi Buxton.

Dukani Mishi, mwanafunzi wangu, alinifungua ushungi
kama afunguaye mzigo wa mteja.
"Bi, nani kakupiga chaki?"
Nikamweleza zote nne. Akasikiliza, tepu shingoni.
"Atakata ndani ya mstari au nje?"
Mimi ndiye niliyemfunza: kata nje,
acha vidole viwili, mwili hubadilika.
Sikuwa na jibu. Sikulifikiria hilo la kumuuliza.

Nadhani ni ya tatu. Nadhani.
Msimu wa harusi upite kwanza,
kuna magauni tisa na mawili hayana mikono.

Akanigeuza mbele ya kioo, yeye akakaa nyuma,
akaniweka vidole juu ya masikio, akavuta.
"Mhm?" Akalegeza. Akavuta chini kidogo. "Mhm?"
Nikamuona mwanamke ninayemkumbuka,
akaja, akaenda, akaja.
Na nyuma yake uso wa miaka kumi na tisa,
laini kama satini haijatolewa kwenye jora,
midomo imebana pini nne.

"Toa pini mdomoni," nikamwambia.
"Mkebe si huo hapo."