Kumi na Moja kwa Ishirini

Barua yako ya kuagwa niliichapa mimi, Madamu.
Ulijue hilo kwanza.
Mkuu wa idara aliitaka kwa Kiarabu, mistari minne,
muhuri chini, nakala kwa mhasibu.
Nikaona haya. Miaka kumi na tisa hapa Nizwa,
halafu mistari minne?
Nikabaki ofisini baada ya alasiri,
kiyoyozi kikikoroma,
nikaiandika upya kwa Kifaransa,
kile cha jioni za Jumatatu ulichonifunza bure
kwa kuwa, ulisema, karani achapaye majina ya vitabu
asiyoyaelewa hana tofauti na punda aliyevibeba.

Ulizaliwa Ilaro, siku ifunguayo juma;
Abosede, ndiyo maana yake.
Nikakuuliza: juma la nani?
Sisi wa Kiswahili twahesabu tangu Jumamosi,
Wafaransa wako Jumatatu,
na serikali hapa hufungua milango Jumapili.
Ulicheka hadi miwani ikaangukia kwenye kahawa.

Mama yako aliuza vitambaa vya nili,
akivuka mpaka wa Idiroko kwenda Porto-Novo:
Wayoruba huku, Wayoruba kule,
na katikati afisa wa forodha na Kifaransa chake.
Una miaka tisa, ukamsomea mama risiti.
Afisa alikuwa ameongeza sifuri.
Sifuri ile, ulituambia, ndiyo iliyonisomesha.
Ikakufikisha Ibadan, ikakuvusha Dakar,
ikakutupa Besançon
ambako baridi ilikupasua midomo
na mwenye nyumba akakuuliza kama kwenu mna lugha
au mnaongea tu.
Ulimjibu kwa tasnifu ya kurasa mia nne na kumi.

Kisha Ife. Migomo. Miezi saba bila mshahara.
Na mume. Huyo ulimtaja mara moja,
ukainuka kufunga dirisha
ambalo lilikuwa limefungwa.

Ukaja huku na makasha kumi na mawili ya viatu,
ndani yake kadi za kamusi:
Kiyoruba kushoto, Kifaransa kulia.
Uwanja wa ndege waliyafungua yote
wakitafuta viatu.

Siku moja ulinionyesha kadi: wákàtí.
Nikasema, hilo letu.
Ukasema, letu hilo.
Sleyum mlinzi, mtu wa Bahla, aliyeleta tende,
akasema mlangoni: hilo letu, nyote mmekopa,
na hakuna aliyelipa.
Ukamwandika jina lake nyuma ya kadi
kama shahidi.

Wanafunzi walikuwa thelathini, wakawa tisa,
mwisho wanne.
Thuraiya alijiandikisha, alikiri mwenyewe,
kwa kuwa darasa lako lilikuwa na baridi nzuri.
Leo anafasiri hati za meli bandarini Suhari
na bado anatamka r kama Myoruba.
Ukiambiwa hivyo ulikuwa unajifanya kukasirika.

Basi asubuhi ile nilipofika kazini
barua ilikuwa juu ya meza yangu, imerudi.
Wino mwekundu.
Kitenzi cha mstari wa tatu nilikivika wakati usio wake.
Nafsi za heshima nilizichanganya, mara wewe mara nyinyi,
kama mtu anayeaga akiwa amekwisha kulia.
Na pale nilipoandika "tunasikitika"
ulipiga duara, ukauliza pembeni:
Hawa "sisi" ni nani?
Chini kabisa: kumi na moja kwa ishirini.
Umepita.

Ukaondoka Alhamisi. Sleyum alibeba makasha
moja moja, hakutaka toroli.
Mkuu wa idara alikuwa Maskati mkutanoni.
Chumba chako sasa ni ghala la viti.

Nimeiandika tena, Madamu, barua ile.
Samahani, safari hii ni kwa Kiswahili,
Kiswahili cha mama yangu, cha Wete,
lugha ambayo huwezi kunikata alama
bila kuniuliza kwanza.
Nimeondoa muhuri. Nimemwondoa mhasibu.
Mstari wa tatu sasa unasema:
nasikitika.
Mimi, Rayya binti Khalfani, karani.
Sahihisha.