Juni Thelathini

Ofisi yetu ni chumba kimoja hapa Tandala,
nyuma ya ghala la mbolea.
Meza moja, futikamba mbili, pikipiki yenye breki ya nyuma tu,
na daftari la nyumba arobaini na moja
zinazoomba dari, bomba la moshi, jiko banifu,
dirisha linalofunga.

Fedha ilipitishwa mwaka jana, mwezi wa saba.
Tulipiga makofi. Diwani alipiga akiwa amesimama.
Mwezi wa kumi tukaambiwa ipo njiani.
Krismasi, ipo njiani.
Pareto ikachanua, ikachumwa, ikaanikwa, ikauzwa,
fedha ipo njiani,
kama vile inatoka Dodoma kwa miguu
na kila kijiji inakaribishwa chai.

Huku malori ya mbao yanashuka
usiku na mchana kwenda Makambako:
misindano yetu, waliyoipanda baba zetu,
inakwenda kuwa dari za watu wanaolala na feni.
Sisi tunalala tukitazama bati kwa ndani,
na alfajiri bati linatudondoshea
pumzi zetu wenyewe, zimekuwa maji.

Nyumba ya kumi na moja ni ya Mama Twilumba Chaula.
Niliipima mimi.
Kati ya ukuta na paa pana uwazi wa kupitisha paka;
ameuziba kwa mifuko ya saruji
na gauni la marehemu dada yake.
Ukuta wa jikoni mweusi, unang'aa kama kiatu cha mwanajeshi.
Mjukuu wake, Lwitiko, alikuwa akifanya hesabu za shule kwa sauti:
tatu mara nne, kikohozi,
tatu mara tano, kikohozi.
Niliandika, "Moshi, mwingi."
Nafasi ya maoni ilikuwa finyu.

Fedha iliingia Juni ishirini na mbili.
Robo yake.
Na barua: kisichotumika hadi tarehe thelathini
kirudi Hazina.
Siku nane, na jalidi imeshababua viazi,
na fundi wetu wa mabomba yuko msibani Bulongwa.

Tukapiga hesabu, Sanga na mimi, kwa mshumaa
(ndiyo, ofisi ya nishati, kwa mshumaa).
Tukakata hapa, tukabana pale.
Zikatosha nyumba kumi.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe, asije akasikia dukani.
Akanitolea kiazi majivuni, akakipangusa kwa kanga,
akanisikiliza mpaka mwisho,
kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei:
"Na baridi nayo, mwanangu, hufunga mahesabu Juni?"

Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na futikamba.

Kwa hiyo mkaguzi akija,
akakuta kwenye karatasi mabomba kumi
na kijijini mabomba kumi na moja,
asianze na risiti.
Risiti haipo. Nilimbembeleza muuza mabati siku nzima,
nikamwachia saa yangu ya mkononi.
Atoke nje mapema, jua halijafika bondeni,
ahesabu moshi unaopanda wima juu ya mapaa,
mmoja mmoja, bila haraka,
mpaka lile paa la mwisho kushoto, karibu na kisima.

Dari bado.
Nimeiandika kwenye ukurasa mpya,
Julai mosi,
namba moja.