Chembe ya Ubani

Tulikusanya maboksi ya majokofu,
tukayapaka kijivu, tukayaita mwamba.
Chini ya kanisa letu, Minesota, Februari,
theluji ikiwa imeziba nusu ya madirisha,
tukachimba Roma kwa gundi na mkasi.

Mashuka ya Bibi Stenerud yakawa kanzu,
vifuniko vya sufuria vikawa ngao.
Orrin wa benki, asiyevua tai hata akivua samaki,
alichota kikaratasi bakulini: MTUMWA.
Akacheka, akakikunja, akakitia mfukoni
kama atiavyo risiti.
Mimi niliyeviandika vyote
nilijipa kazi ya mlangoni: kuhesabu vichwa
na kudai alama ya siri,
samaki, kwa kidole, kwenye unga uliotandazwa mezani.
Samaki wengine walifanana na viazi.
Niliwapitisha.

Kaisari tulimweka chumba cha tanuri:
kichwa cha plasta kutoka duka la kofia,
taji la majani ya plastiki,
mbele yake bakuli la makaa.
Sheria ilikuwa nyepesi, niliitunga jikoni kwangu:
chukua ubani, chembe moja tu, tupa,
sema "Kaisari ni Bwana," pita kushoto kwenye supu.
Ukikataa, kulia, ngazi tano,
ghala la viazi, halina taa.

Ulikuwa mchezo. Nasema tena, mchezo.
Na supu ya njegere ilinukia mpaka mlangoni.
Kiongozi wa kwaya alitupa chembe, akakonyeza.
Orrin alitupa mbili: "Moja ya mke wangu, mgongo unamuuma."
Vijana walitupa wakisukumana.
Mchungaji Gudrun alisita,
akageuka, akaona foleni na njaa yake,
akatupa.
Msafara wa mamba hauwakosi kenge;
usiku ule kenge tulikuwa wengi
hata mamba hakuonekana.
Nilihesabu, ndiyo kazi niliyojipa.
Arobaini na mmoja walikwenda kushoto.
Wa arobaini na mbili nilikuwa mimi.
Hakuna aliyenishika. Mkono ulijua njia.

Kulia walikwenda wawili:
Verla Knutson, miaka themanini na mitatu, nyonga ya chuma,
akishuka kinyumenyume kama aingiaye kisimani,
na Tove, miaka saba, aliyesema tu,
"Lakini si Bwana. Ni kichwa cha kofia."

Ukumbini vijiko viligonga mabakuli,
kisha vikapungua.
Moshi ulikuwa umetufuata,
umeketi kwenye sufu ya makoti, kwenye nywele,
kwenye mkate.
Mtu akauliza, kwa sauti ya kutaka asisikike:
"Kule chini kuna hita?"
Hakuna. Nilijua. Niliandika mwenyewe kwenye mpango:
*baridi, ili wahisi.*

Hapakutolewa hotuba.
Orrin aliinyanyua sufuria kwa taulo mbili,
kikaratasi kikimchungulia mfukoni,
akatangulia. Tukafuata na vijiko vyetu,
tukajibana, arobaini na wawili,
mahali pa magunia kumi.
Giza la huko halikuwa la kupakwa rangi.
Tove alikuwa ndani ya koti la Verla,
vichwa viwili, kola moja,
wakihesabu viazi kwa Kinorwe, kwa kupapasa.
"Mmechelewa," Verla akasema,
akasogea.

Nilikuwa nimepanga sala, nimepanga mkate umegwe na nani,
nani asome, nani alie.
Karatasi ilibaki juu.
Bakuli lilipita kutoka mkono nisioujua kwenda mkono nisioujua,
mtu alinilisha kijiko kikanipiga kidevuni,
mtu alikohoa, mtu aliomba radhi
bila kutaja kwa nani.
Sikuhesabu.

Jumatatu nilibomoa mwamba, nikaukunja, nikaufunga kamba.
Kaisari nilimrudisha dukani;
Jumanne alikuwa amevaa kofia ya manyoya, bei nusu.
Koti langu nimelipeleka kufuliwa mara mbili.
Dobi analinusa, ananitazama,
anauliza ni marashi gani.