Funguo Arobaini na Moja

Jumamosi, saa nane mchana.
Ofisi ya ushirika imefungwa, wapima kahawa wamekwenda makwao,
Moshi imelala juani na mlango mmoja mmoja.
Nimebaki mimi, feni inayolalamika,
na kompyuta iliyonitandikia orodha:
funguo arobaini na moja.

Si za chuma hizi. Hazining'inii kiunoni,
hazilii mtu akipita uani.
Ni herufi na tarakimu, ndefu kama kutaja ukoo,
kila moja na jina lake, na siku ya kuzaliwa,
na nyingine, maskini, na siku ya kufa
iliyokwisha kupita, na hakuna aliyelia.

Naanza na zangu.
"Jaribio." "Jaribio la pili." "La mwisho."
"La mwisho kweli."
Nilikuwa na miaka ishirini na minne,
nafungia siri nisizokuwa nazo.
Futa. Futa. Futa. Futa.
Kila mara mashine inauliza, una hakika?
kama karani wa benki anayerudia kuhesabu noti
huku foleni inaguna.

Wa Foibe, aliyehamia Dodoma: umekwisha muda. Futa.
Wa yule mkaguzi wa Himo, aliyeibiwa laptopu stendi,
ufunguo wake ukazurura mjini bila yeye:
aliubatilisha mwenyewe usiku uleule,
akanipigia, sauti inatetemeka,
"Aikande, usipokee chochote chenye jina langu,
hata nikikuomba chumvi."
Huo naubakiza. Batili nayo ni habari.
Nikiusahau, kesho mwizi atabisha hodi kwa jina lilelile
nami nitamkaribisha chai.

Halafu huu, wa mwaka wa mvua ya mawe.
Neno lake la siri limenitoka.
Nimejaribu jina la paka, jina la mto Rau,
jina la kijana aliyekuwa akinisindikiza hadi Kiboriloni.
Nimejaribu jina lake bila herufi kubwa.
Barua zake zimo humu, mia na saba,
nzima, kama mbegu ndani ya chungu kilichozibwa kwa saruji.
Najua zipo.
Ndilo pekee ninalolijua.

Wa thelathini na nane: Ndewirwa Mmari.
Mhasibu wetu. Ndiye aliyenifundisha mambo haya
kwa kufuli la Solex, juu ya meza hii:
"Kufuli wagawie wote, hata usiowapenda.
Wafungie humo walichonacho, wakuletee.
Ufunguo lala nao."
Jumanne alilazwa KCMC.
Ijumaa tukarudi kutoka Kibosho na udongo viatuni.

Mashine, kwa maandishi yake ya kijani:
Unamwamini mtu huyu kwa kiasi gani?
Moja, sijui. Mbili, simwamini. Tatu, kidogo.
Inaendelea hadi tano.
Haina pa kuandika: amefariki.

Basi nafungua daftari la mikopo la mwaka wake wa mwisho,
nalipitisha mbele ya ufunguo wake.
Nangoja. Feni nayo naona kama imenyamaza.
Sahihi njema, inasema. Ya Ndewirwa Mmari.
Hakuna nukta iliyoguswa.
Miaka sita udongoni, na bado anazisimamia hesabu zake
mpaka ile shilingi mia mbili
aliyoiandika chini kabisa, pembeni:
deni la chai, langu.

Una hakika unataka kufuta?

Nabonyeza H, ya hapana.
Natafuta sarafu ya mia mbili kwenye mkoba,
naitumbukiza katika kopo la chai. Inalia.
Zimebaki funguo kumi na tisa.
Nafunga ofisi kwa ule wa chuma,
nausukuma mlango mara mbili,
kama alivyokuwa akifanya,
na mara ya tatu, kwa kuwa sikumbuki
kama nimeshausukuma.