Njoo

Kipilefti cha juu kina birika la kahawa, shaba tupu.
Cha sokoni kina chetezo.
Chetu, hapa Ibra unapoteremkia wadi,
kina hori la jiwe, bomba, na neno moja.

Wageni huuliza: mbwa mwenyewe yuko wapi?
Hayupo. Sanamu ilikataliwa,
nami niliyechonga sikubisha.
Shaba ingemnenepesa. Yule alikuwa saluki,
mbavu unazihesabu ukiwa upande wa pili wa barabara.

Mwenyewe alikuwa Hamdun bin Sleyum, mzaliwa wa Wete,
aliyekuja huku na sanduku la bati
na Kiswahili kisichomtoka hata usingizini.
Alimwokota angali mtoto, nyuma ya mnada wa mbuzi.
Jina hakumpa. Alimwambia "Njoo," akaja.
Majirani wakadhani ndilo jina:
Njoo kapita. Njoo kalala.
Njoo kala kuku wa Bi Thuraya.
Sisi tuliokuwa tunaelewa tulishika mbavu.

Jumatano ile mvua ilinyesha milimani; kwetu jua kali.
Hamdun alikuwa anawahi sala ng'ambo,
hakutaka manyoya kwenye kanzu.
Akamshusha mbwa ukingoni: kaa hapa.
Maji hayakupiga hodi.
Pikapu ilionekana siku ya tatu,
changarawe hadi kwenye usukani.
Hamdun, siku ya tano.

Mbwa alikaa hapo. Ramadhani nne zikampitia.
Mofizul wa manispaa alimwachia mkate.
Mwenye gereji alimrushia mawe, mwaka wa pili mifupa,
mwaka wa tatu alimjengea kivuli cha bati, akakataa kushukuriwa.
Watu walimwita: taal, taal.
Hakutikisa hata sikio.

Siku moja nilisimamisha gari, nikasema taratibu,
kama ajaribuye ufunguo mkongwe kwenye kufuli lenye kutu:
Njoo.
Akasimama. Akanitazama.
Akatazama nyuma yangu, akatazama ndani ya gari,
kisha akarudi palepale, akajikunja.
Nilikaa nusu saa injini ikinguruma,
sijui nimlilie mbwa au nijililie mimi
ambaye wanangu hunijibu kwa Kiarabu.

Alipokufa, baraza likagombana.
Mmoja akauliza: fedha ya umma, kwa najisi?
Tukamgeukia Sheikh Yaqdhan afunge mjadala.
Akasema, wale vijana wa pangoni walikuwa na mbwa,
kanyoosha miguu kizingitini,
na Mola alipowataja hakumruka.
Sanamu hapana. Maji, ndiyo.

Nikachonga kwa herufi za Kiarabu: nuni, jimu, wau.
Mkono ukaongeza alifu mwishoni, kwa mazoea.
Sasa wasiojua lugha yetu husoma *najau*: waliokoka.
Hunishika bega: nani hao waliokoka?
Namwaza Hamdun. Naangalia wadi ilivyokauka.
Nasema, sijui, mimi fundi tu.

Alasiri za joto hushuka mbwa wasio na mtu,
ndimi nje, vumbi hadi machoni.
Mofizul hufungulia bomba na kuwaita: Njoo! Njoo!
Hajui maana yake.
Anaamini mbwa wote wa Ibra wana jina moja.
Nao wanakuja.