Mtegemezi Namba Mbili

Dirisha la saba, si la tatu.
La tatu walinituma la tano, la tano walikuwa chai.
Nimeshuka Igogo alfajiri, kwenye yale mawe
yanayobeba nyumba mgongoni na kiunoni,
kadi nimeifunga ncha ya khanga
pamoja na nauli ya kurudi.

Binti wa dirishani anagonga vibonye.
"Mama, kadi imesitishwa.
Yako na ya mtoto. Tangu Machi.
Mchangiaji hajafanya uhakiki."

Hajafanya, kweli.
Sajini Luhende yuko Kisesa, chini ya udongo,
mwaka wa tatu huu haitiki kwa jina wala kwa cheo.

"Basi weka kidole wewe. Hapa, kwenye kioo."
Naweka gumba. Kioo kinawaka kijani, kinazima.
Futa. Weka tena. Cha shahada. Cha kati.
Mashine hainioni.
Miaka ishirini na sita naanika dagaa Mwaloni,
nageuza, napepeta, mchanga na magamba,
imenitoka yote ile michoro aliyochora Mungu.
Nina vidole kumi na sina hata kimoja.

Na fomu inaniita MTEGEMEZI NAMBA MBILI.
Nimelisoma neno hilo polepole, kwa kidole kisichosomeka.
Kila vuli, mvua ikianza kunong'ona upande wa ziwa,
kile chuma kilikuwa kinaamka pajani mwake,
chuma alichokuja nacho kutoka vitani
kabla hatujajuana.
Usiku aliegemea bega hili, la kushoto,
tukahesabu mawe mpaka chooni:
kumi na moja kwenda,
kumi na moja kurudi.
Bega limeinama hadi leo.
Binti, hebu andika hapo: nani alimtegemea nani?

Hakuandika. Fomu haina nafasi hiyo.

Mtegemezi Namba Tatu ni Mihayo, kidato cha pili.
Damu yake imepinda kama mundu,
inavuna mifupa usiku.
Mwezi wa nne nilinunua vidonge kwa pesa ya mtaji,
wa tano kwa pesa ya kitanda,
wa sita nikavikata nusunusu kwa wembe.
Akaniona. Akasema, "Mama, siku hizi sisikii maumivu."
Mtoto wa askari huyo:
anadanganya akiwa amesimama wima.

Nimerudi dirisha la saba mara nne.
Cheti cha kifo. Cheti cha ndoa.
Barua ya mtendaji, ambaye "ametoka kidogo" kutwa nzima.
Picha mbili, masikio yote yaonekane.
Mara ya tano binti (anaitwa Generoza,
nilisoma kifuani pake)
akaitazama mikono yangu bila kusema,
akainuka na faili kwapani, akaingia chumba cha ndani,
akakaa huko mpaka foleni ikaanza kunilaani mimi.
Akatoka. "Nenda nyumbani, mama. Subiri ujumbe."

Kusubiri. Huyo tumezaliwa tumbo moja.

Ujumbe ukaja alfajiri, nikitafuta kiberiti.
Si kwenye simu yangu. Kwenye ile yake, ya vibonye,
ninayoichaji kila Jumamosi na kuitia mia tano
wasije wakaifunga laini:
"Ndugu LUHENDE, wategemezi wako
wamerejeshewa huduma."

Nikatoka nje, nikaketi jiwe la kumi na moja.
Kivuko cha Kamanga kilikuwa kinapiga honi ya kwanza.
Nikaandika, herufi moja moja:
Tumepata. Mihayo amelala vizuri. Bega haliumi sana.

Simu ikajibu: namba hii haipokei majibu.

Najua.
Nimetuma tena.