Hadi

Darasa la jioni, Majengo. Stima imekatika.
Mwalimu Byamungu anaandika ubaoni: had.
Sote tunasoma: hadi.
Anacheka. Hadi wapi?

Kisha mkia, -ed, uleule
niwe mimi, uwe wewe, wawe wao.
Kitenzi kitiifu, anasema, hakiulizi nani.

Nipeni mfano. Matendo mawili yaliyopita,
moja limelitangulia jingine.

Kavugho: mvua iliponyesha
nilikuwa nimekunja nguo.
Vizuri.
Mumbere, mikono bado myeusi:
polisi walipotokea nilikuwa nimeuza makala.
Hapana, kuuza ni kikaidi, hakitaki mkia,
kitungoje wiki ijayo. Sema umepakia.
Haya, nilikuwa nimepakia makala kwenye chukudu.
(Lakini nilikuwa nimeuza, ananong'ona.)

Zamu yangu.
Moto wa mlima uliposhuka Buhene
nilikuwa nimefunga mlango.
Lock, locked. Had locked.
Sahihi kabisa, anasema, na kufuta ubao.

Mlango wenyewe sijui uko kina gani
chini ya lile jiwe jeusi
ambalo watu sasa wanaanikia mihogo.
Ufunguo ninao.
Jumamosi huupaka mafuta ya mawese
usije ukashika kutu.